Nilivyokitengeneza kigeuzi cha daktari kwa rezista mia moja

Kazi yangu hapa Kondele ni ya kawaida: amplifaya za kanisa, miksa za disko matanga, redio za matatu zilizoungua. Kwa hiyo siku daktari mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alipoweka mezani kigeuzi cha sauti kilichofungwa kwenye shuka, nilikitazama kwa muda kabla ya kugusa skrubu hata moja. Kigeuzi ni chombo kinachopokea tarakimu za muziki kutoka kwenye kompyuta au mashine ya CD na kuzirudisha kuwa umeme ambao amplifaya inauelewa. Kila simu inacho, kidogo kuliko ukucha. Hiki kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia.

"Fundi, stima ilipotea usiku ule wa radi. Iliporudi, kikanyamaza. Ukishindwa niambie tu, usikichokore."

"Niachie wiki mbili, daktari."

Zikawa saba.

Nilipofungua kifuniko niliona transfoma mbili zilizoviringwa kama kata ya kubebea mtungi. Moja ililisha upande wa tarakimu, nyingine upande wa sauti peke yake. Huo ni uamuzi wa gharama, na ni uamuzi mzuri. Saketi za tarakimu huwaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde, na zikinywa kisima kimoja na saketi za sauti, uchafu wake utausikia kwenye spika. Katikati ya bodi hapakuwa na chipu ya kugeuza. Palikuwa na safu mbili za rezista, vipande vinavyozuia umeme kwa kiasi maalumu, ndogo kama punje za wimbi, safu moja kwa kila chaneli, kushoto na kulia. Mafundi huiita ngazi.

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja na sampuli 44,100 kila sekunde, yaani sauti hupimwa mara hizo zote, na kila sampuli ina biti 16, tarakimu za 0 au 1, maana yake vipimo 65,536 vya ukubwa wa sauti. Ngazi hutengeneza vipimo hivyo vyote kwa rezista za thamani mbili tu, moja ikiwa maradufu ya nyingine. Ni wazo safi sana, nililipenda tangu chuoni. Ugumu wake uko kwenye biti ya juu kabisa. Hiyo inabeba nusu ya uzito wote, na ili isiharibu kipimo kidogo cha mwisho, rezista yake inatakiwa kuwa sahihi kwa takriban asilimia 0.0015. Rezista nzuri ninazonunua mimi zina kosa la asilimia 1.

Upande wa umeme haukunisumbua. Fyuzi, rektifaya na regyuleta moja zilikuwa zimekufa, nikabadilisha mchana mmoja, taa ikawaka, sauti ikatoka. Nilikuwa karibu kumpigia daktari simu. Lakini nina desturi ya kumaliza kila kazi kwa rekodi moja niliyoifanya mwenyewe Alego, ya baba yangu mkubwa akipiga nyatiti chini ya mwembe. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, anayogonga nayo ubavu wa chombo. Naijua rekodi ile kama njia ya kwenda nyumbani. Uzi ulipokuwa ukififia, upande wa kushoto ulikwaruza, kama mtu anayeburuta kandambili kwenye mchanga. Sauti kubwa zilikuwa safi kabisa. Ukwaruzo ulikuwa kwenye kunyamaza tu.

Hapo ndipo nilipoelewa ngazi kwa mikono yangu. Wimbi la sauti kila linapovuka sifuri, biti ya juu hubadilika upande mmoja na biti nyingine zote 15 hubadilika upande wa pili, kwa pamoja. Mizani isipokuwa sawa, panatokea kishindo papo hapo sifurini. Sauti kubwa hukifunika. Sauti ndogo haina pa kukificha, kwa sababu yenyewe haiendi mbali na sifuri. Nilicheza mlio mdogo, desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya kiwango cha juu, nikatazama kwenye oskiloskopu, chombo kinachochora umbo la wimbi: chaneli ya kulia ilipinda vizuri, ya kushoto ilikuwa na kidato katikati, kila inapovuka. Rezista ya juu ikikosea kwa asilimia 0.05 tu, kosa hilo ni vipimo 16, na wimbi lile zima lina vipimo kama 33 kwenda juu na 33 kwenda chini. Umeme uliorudi kwa nguvu ulikuwa umeisogeza rezista moja kidogo sana.

Rezista ya usahihi ule haipatikani Kisumu. Niliagiza Nairobi rezista 100 za asilimia 0.1, zikaja kwa basi. Siri ni kwamba ngazi haijali thamani kamili, inajali zifanane. Nikaunda daraja la rezista nne, nikaliwekea volti 10, na katikati nikaweka mita yangu inayosoma hadi sehemu ya mia ya milivolti. Rezista mbili zikitofautiana kwa asilimia 0.01, mita inaonyesha milivolti 0.25. Nikachagua moja iwe kipimo, nyingine zote nikazilinganisha nayo, moja moja, nikizipanga kwenye trei ya mayai.

Siku ya kwanza nilipoteza saa tatu. Namba zilikuwa zikitembea. Kumbe vidole vyangu ndivyo vilivyozipasha joto, na rezista ikipata joto thamani yake husogea. Halafu jua likapiga mabati ya kibanda na kila kitu kikaenda mrama. Kuanzia kesho yake nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikashika kila rezista kwa kibano, nikasubiri dakika moja kabla ya kusoma, na jua likichomoza naacha. Ukitaka kuifanya kazi hii, anzia hapo: kibano, subira na alfajiri. Mita ya bei kubwa haitakusaidia kama banda lako ni tanuri. Jozi ya nne niliyoilehemu ilikifuta kidato.

Wakati nasubiri rezista nilisoma sana jinsi wengine walivyoikwepa shida hii. Kuna wanaojenga ngazi mbili, moja ya nusu ya juu ya wimbi na nyingine ya nusu ya chini, ili biti kubwa zisisumbuliwe karibu na sifuri. Kampuni ya dCS ya Uingereza hutumia rezista za thamani moja zinazopokezana zamu, kosa likatawanyika na kuwa mvumo mdogo usiofuata muziki. Chipu nyingi za leo hutumia biti chache kwa kasi kubwa mno na kuusukuma mvumo juu ya uwezo wa masikio kusikia. Kosa halitoweki. Kila mhandisi anaamua alihamishie wapi, na kwa maoni yangu huo ndio msimamo wake kuhusu sauti, kuliko jina la chipu.

Kabla ya kukirudisha nilikilinganisha na kigeuzi changu nilichojiundia kwa chipu ya PCM5102A, cha bei ya chakula cha mchana cha familia. Nilisawazisha kwanza ukubwa wa sauti kwa mlio wa hezi 1,000, maana changu kilizidi kwa karibu desibeli 0.4, na chenye sauti kubwa kidogo hudanganya kila mtu kuwa ni bora. Baba mkubwa alikuwa amekuja mjini na mjukuu wake wa miaka 15 anayejifunza nyatiti. Nikawakalisha nyuma ya pazia.

"Mwanangu, vyote ni mimi," mzee akasema. "Muulize mtoto, masikio yangu yamechoka."

Mtoto naye hakuvitofautisha. Lakini chombo cha daktari kina kitufe cha kuzima kichujio, sampuli zitoke kama vidato bila kulainishwa. Nilipokibonyeza aliinua kichwa. "Babu, hapo pete yako imevaa soksi." Nilirudia mara saba, akapatia sita. Na ndivyo hesabu inavyosema: bila kichujio, sauti ya CD hushuka desibeli 0.75 kwenye hezi 10,000 na zaidi ya 3 kwenye 20,000, na pete ya chuma inaishi huko juu.

Daktari alikuja Jumamosi. Alisikiliza rumba yake, akakizima kichujio bila kuniuliza. Nikamweleza habari ya soksi.

"Fundi, mimi nasikiliza usiku, mama watoto amelala. Hivi ndivyo ninavyopenda."

Nilimfungia chombo kwenye shuka lile lile. Rezista zilizobaki nimeziweka kwenye bahasha, nimeandika makundi yake juu, kwa sababu chaneli ya kulia nayo ilipigwa na stima ile ile.