Siku moja maishani mwangu: mdadisi, karatasi na kishikwambi

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai nahakikisha kishikwambi kimejaa chaji, kisha naweka kando yake dodoso la karatasi. Mimi ni mdadisi, yaani kazi yangu ni kuhoji kaya kwa ajili ya takwimu, na tuko Kilosa kwa majaribio. Utafiti wetu wa matumizi ya kaya, unaotumika kupima umaskini, hurudiwa kila baada ya miaka kadhaa, na tangu uanze majibu yameandikwa kwa kalamu. Safari hii nusu ya kaya tunazihoji kwa karatasi, nusu kwa kishikwambi, tuone kama majibu yanafanana.

Saa 2. Tunapiga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji, anatupa mjumbe wa kutuongoza.

Saa 3. Bibi anachambua mchicha kibarazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu kiti."

Tunafika kwenye swali la dagaa walioliwa wiki iliyopita. "Mafungu mawili," anasema. Kishikwambi kina kilo, gramu na kopo. Fungu hakina, na bila kipimo hakinipeleki swali la mbele. Kwenye karatasi ningeandika pembeni "fungu la gulioni" na ofisini wangeelewa. Namwomba anionyeshe. Anachota dagaa waliobaki kwa konzi, anamwaga kwenye mizani yangu: gramu 140. Naandika gramu, naongeza maelezo, napiga picha ya fungu. Ningekisia tu, chakula cha bibi huyu kingepotea kwenye hesabu ya nchi.

Saa 6. Kaya ya pili, kishikwambi kinanisaidia kweli. Baba mwenye nyumba kasema hakulima msimu uliopita, halafu anataja gunia tatu za mahindi alizovuna na kuuza. Onyo linatokea papo hapo. Kumbe shamba alilikodi, akadhani naulizia la kwake tu. Kwa karatasi kosa hilo lingeonekana wakati wa kuingiza takwimu, sisi tukiwa tumeshaondoka kijijini. Majaribio ya namna hii yalifanyika Pemba mwaka 2009, na makosa mengi ya karatasi yalionekana yangezuilika.

Saa 10. Kikao chini ya mwembe. Mwenzangu anapendekeza, maadamu tunahamia kishikwambi, tufute na shajara ya matumizi, yaani daftari ambamo kaya huandika kila siku ilichotumia, tuulize tu matumizi ya wiki iliyopita. Hapo nimesimama kidete. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walijaribu hapa Tanzania njia nane za kuuliza matumizi, kwa kaya zaidi ya 4,000, na kiwango cha umaskini kilibadilika kulingana na njia iliyotumika. Tukibadilisha chombo na swali kwa pamoja, umaskini ukionekana umepungua, tutajuaje kama ni sufuria ya bibi iliyojaa au ni dodoso letu? Tubadilishe kimoja kwanza. Msimamizi amekubali shajara ibaki.

Saa 2 usiku. Mtandao unashika juu ya kilima tu. Nimepanda na tochi, nimetuma kaya nne pamoja na picha ya fungu. Jibu limerudi: kesho asubuhi fungu litakuwa kwenye orodha, na kila mdadisi atabeba mizani.