Tulivyomuaga mhariri wetu kwa barua za aliowakatalia makala

Mhariri mkuu wa jarida letu la tiba alipotuambia kwamba anang'atuka baada ya miaka 11, bodi iliniachia mimi kazi ya kuandaa namna ya kumuaga. Mimi ni katibu wa ofisi ya uhariri: napokea miswada, nawatafuta wapitiaji, yaani wataalamu wanaoisoma miswada na kuitolea maoni kabla haijachapishwa, nawakumbusha wanaochelewa, na barua zake zote kwenda kwa waandishi zilipita mikononi mwangu. Nilipewa miezi mitatu, nikadhani ni mingi.

Wazo la kwanza lilikuwa toleo maalumu. Wataalamu wakubwa wangeandika makala kwa heshima yake, na jalada lingebeba picha yake. Nilimweleza kwa furaha, naye akaniuliza kwa sauti ileile ya kila siku, "Hizo makala atazipitia nani? Ikija mbovu, nani atathubutu kumrudishia mtu aliyeandika kwa ajili yangu?" Akaongeza kwamba kurasa zile zina wenyewe, waandishi ambao kazi zao zimeshakubaliwa na zinangoja zamu. Nilitoka ofisini kwake nikiwa sina hoja. Makala ya heshima nayo ni makala. Daktari atakayeisoma na kuitumia kumtibu mtu hana namna ya kujua kwamba ilipitishwa kwa mapenzi.

Nikaanza upya kwa kujiuliza wahariri wa majarida ya tiba hukumbukwa kwa lipi. Thomas Wakley alianzisha The Lancet mwaka 1823, akalishikilia hadi alipofariki mwaka 1862, na anakumbukwa kwa kuwaanika madaktari wa hospitali za London waliopeana vyeo kwa undugu. Franz Ingelfinger wa New England Journal of Medicine anakumbukwa kwa kanuni aliyoitangaza mwaka 1969, kwamba hachapishi utafiti uliokwisha kutolewa kwingine. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Stephen Lock, aliyeliongoza British Medical Journal kuanzia 1975 hadi 1991, aliugeuza uhakiki wa miswada wa jarida lake mwenyewe kuwa jambo la kuchunguzwa kwa utafiti, kana kwamba ni dawa inayopaswa kuthibitishwa kama inafanya kazi. Wahariri wachache waliokutana Vancouver mwaka 1978 wanakumbukwa kwa kukubaliana namna moja ya kuandaa miswada. Hao wote wamebaki kwa yale waliyoyadai na yale waliyoyakataa.

Wa kwetu alidai nini? Jibu nilikuwa nalo kwenye kabati. Mwaka 2004 kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ilitangaza kwamba haitachapisha jaribio la matibabu ambalo halikusajiliwa hadharani kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, na kanuni ikaanza kwa majaribio yaliyoanza kuandikisha wagonjwa baada ya tarehe 1 Julai 2005. Majarida mengi yaliifuata, na letu likiwemo. Kanuni kama hiyo ni nyepesi kuichapa ukurasa wa maelekezo kwa waandishi. Uzito wake niliuona siku alipoletewa jaribio zuri, lenye wagonjwa wengi na takwimu safi, ambalo lilikuwa limesajiliwa baada ya matokeo kujulikana. Mwandishi alikuwa mwalimu wake wa zamani. Alimwandikia barua ya kurasa mbili, akamweleza kwamba utafiti usiosajiliwa mapema humwezesha mtu kubadilisha swali baada ya kuliona jibu, au kuyazika kimya matokeo yasiyompendeza. Aliianza kwa "Mwalimu wangu" na akaimaliza kwa kukataa. Mimi ndiye niliyeituma.

Niliamua tumtengenezee kijitabu cha barua. Nikawaandikia waandishi, wapitiaji na wanabodi, nikiwaomba watume maneno ya kumuaga. Zilikuja barua 23 ndani ya wiki mbili, na nilipozisoma zote kwa mkupuo nilikata tamaa. Nguzo, taa, hazina, mwanga, mlezi. Ungeweza kufuta jina lake ukaweka la mtu mwingine yeyote na barua zisibadilike. Hao watu walimpenda kweli, nawafahamu. Tatizo lilikuwa ombi langu, maana ukimwambia mtu aandike sifa, ataandika sifa.

Niliwaandikia tena wote, nikaomba radhi kwa usumbufu, nikauliza swali moja: "Taja sentensi moja, jedwali moja au hesabu moja aliyokubadilishia. Maneno yasizidi 120." Hapo ndipo kazi ilipochangamka.

Mmoja alituma picha ya ukurasa wa muswada wake. Alikuwa ameandika kwamba wagonjwa 9 "walishindwa na tiba". Kwa wino wa bluu mhariri alikuwa amekata maneno hayo na kuandika juu yake: "Tiba ndiyo iliyowashindwa." Mwandishi yule ni daktari wa saratani, na alisema tangu siku hiyo amebadilisha hata namna anavyozungumza kitandani kwa mgonjwa. Mwingine alikumbuka jinsi alivyoandika kwamba asilimia 33 walipona, akarudishiwa swali pembeni: "Ya wangapi?" Walikuwa watatu. Ikachapishwa "mgonjwa 1 kati ya 3", na anakiri kwamba makala ilionekana ndogo kwa sababu kweli ilikuwa ndogo. Watatu tofauti, bila kujuana, walitaja neno moja, "kesi". Kwake yeye kesi ilikuwa tukio la ugonjwa, na mtu aliitwa mgonjwa. Hakuwahi kumruhusu mwandishi kusema "kesi zilifariki".

Nikipanga hizo barua, likanijia jambo ambalo naona lilikuwa ndilo lenyewe. Wote hawa ni waliochapishwa. Lakini majarida mengi ya maana, letu likiwemo, hukataa miswada mingi kuliko ile yanayoichapisha, kwa hiyo wengi wa watu aliowatumikia kwa miaka 11 ni aliowaambia hapana. Nao hawakuwa kwenye kijitabu.

Kuwapata hakukuwa rahisi, wala hakukutakiwa kuwa rahisi. Muswada uliokataliwa ni siri kati ya mwandishi na jarida, na jina la mpitiaji ni siri hata kwa mwandishi. Nilimwendea mhariri msaidizi, tukakubaliana hivi: ningemwandikia kila mwandishi peke yake, bila kunukuu chochote kutoka kwenye faili lake, nikimwuliza kama angependa kusema lolote. Asiyejibu asikumbushwe. Maoni ya wapitiaji yasiguswe kabisa. Nilituma maombi 40. Wengi walikaa kimya, wawili walikataa kwa upole, na 11 wakaandika.

Barua hizo 11 nilizisoma usiku mmoja, nikashindwa kulala. Muuguzi mmoja alieleza kwamba kukataliwa kwake kulikuja na ukurasa mzima wa namna ya kuhesabu upya matokeo yake, kwa kuwa alikuwa amewaacha nje ya hesabu wagonjwa walioacha dawa katikati. Alirudia hesabu, na faida aliyodhani ameiona ikapungua karibu yote. Alisema aliumia, kisha akashukuru kwamba aliumia yeye kabla hajaumia mgonjwa wa mtu mwingine. Baadaye aliichapisha kwa jina hilohilo katika jarida jingine, ikiwa na matokeo ya kweli.

Barua moja ilikuwa na uchungu. Mwandishi wake alingoja miezi saba kupata jibu la kukataliwa, na wakati huo wenzake wakatangulia kuchapisha. Alikuwa na haki ya kulalamika. Wapitiaji wawili walikuwa wamejitoa mmoja baada ya mwingine, nasi hatukumwarifu. Wajumbe wawili wa bodi walinishauri niiondoe. Niliiacha, kwa sababu aya yake ya mwisho ilisema kwamba mhariri alimpigia simu mwenyewe kumwomba radhi, na hakutaja wapitiaji wala ofisi, alisema tu "nimekuchelewesha". Sikujua kama aliwahi kupiga simu hiyo.

Tahariri ya kumuaga iliandikwa na mhariri msaidizi na ikapitishwa na bodi bila mhariri mkuu kuiona. Ilikuwa nusu ukurasa.

Siku yenyewe haikuwa na mambo mengi. Hotuba zilikuwa mbili fupi, kisha nikampa kijitabu, kurasa 28, zikiwa zimechanganywa makusudi: waliochapishwa na waliokataliwa bila kutenganishwa. Alikaa, akavaa miwani, akaanza kukisoma palepale, nasi tukasubiri. Alipita haraka zile za mwanzo. Kwenye barua ya muuguzi akasimama, akarudi mwanzo wa ukurasa, akaisoma tena huku kidole kikifuata mstari. Halafu akainua macho akanitafuta.

"Huyu, makala yake ilitoka kweli?"

Nikamwambia ilitoka, mwaka uliofuata.

"Na wale walioacha dawa, aliwaweka?"

"Aliwaweka wote, Daktari. Wako kwenye jedwali la pili."

Akafunga kijitabu, mkono ukiwa bado juu ya jalada. "Nitumie niisome," akasema.

Nilimtumia jioni ileile.