Felegi ya Babu

Leo nimeushusha upanga wa babu ukutani. Tangu utoto wangu umetundikwa sebuleni kwa Ami, Malindi, kando ya picha ya Makka, na kila mgeni huambiwa neno lile lile: umetoka Oman, ulikuja na jahazi. Nami sikuwa na shaka. Nilitaka kuusafisha tu.

Nikachukua limau na majivu, kama tusuguavyo sinia, nikaanzia karibu na mpini. Kutu ikatoka kweli. Nilipopitisha kitambaa nikaona michoro midogo imechanjwa kwenye chuma: kichwa, mgongo, miguu ya mbele. Ya nyuma haipo. Nahisi nimekwenda nayo mimi. Chuma cha kale hupakwa mafuta mepesi, kikafutwa kwa kitambaa laini, kidogo kidogo. Hayo nimeyajua saa moja baadaye.

Mimi nilisema ni mbuzi. Ami, kwa miwani na tochi ya simu, akasema paka. Kumbe ni mbwa mwitu anayekimbia. Alama hiyo ilianza kwa wahunzi wa Passau, Ujerumani, katika karne za kati. Wenzao wa Solingen, mji mwingine wa Ujerumani, wakaichukua, ikawa dalili ya chuma kizuri, mpaka na wengine wakaiiga. Solingen iliuza hata vyuma vitupu, bila mpini, na huko vilikofika kila fundi akavivika mpini wa kwao.

Ndiyo maana upanga huu una asili mbili. Chuma kimenyooka, kina makali pande zote mbili, na mifuo mitatu myembamba imeshuka katikati. Ukikitikisa kinatetemeka na kulia. Waoman huzitikisa panga zao hivyo hivyo kwenye ngoma ya razha. Mpini ni habari nyingine: mrefu, mwembamba, umezungushiwa uzi wa fedha uliosukwa kama mkeka, wala hauna kikingio cha vidole. Nilijiuliza mkono ulilindwa na nini. Ulilindwa na ngao, duara dogo la ngozi ngumu lililoshikwa kushoto.

Jina nalo limenilia nusu saa. Makumbusho huuandika kattara, basi nikaenda kwenye kamusi kutafuta kitara, nikakuta ni ule uliopinda. Huu ulionyooka wazee wa Pwani waliuita upanga wa felegi. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Msiguse felegi ya babu yenu," na sisi watoto tukidhani felegi ni ugonjwa.

"Kwa hiyo chuma ni cha Ujerumani, Ami."

"Na babu yako naye Mjerumani?"

"Hapana. Mpini ndio wa Oman. Hukuwadanganya wageni, uliwapa nusu."

Akanuna kidogo, akanywa kahawa yake yote bila kunitazama. Baadaye nikakata kipande cha karatasi, nikaandika: *Chuma, Ujerumani. Mpini, Oman.* Nilipotaka kukifunga kwenye ala kwa uzi, Ami akaninyang'anya kalamu, akaongeza chini kwa mwandiko wake wa kulala:

*Mkwaruzo, mjukuu. Kwa limau.*