Bahasha Zisizo na Majina

Fedha za paa la kigango kimoja, kanisa dogo lililo chini ya parokia yetu, zilikuwa zimekaribia kutimia wakati ukuta wa nyumba ya mapadre ulipopasuka. Ufa ulianzia kwenye dirisha la chumba cha paroko msaidizi ukapanda hadi kwenye lenta, na fundi aliyeitwa kuutazama alisema waziwazi kwamba mtu asilale tena upande ule. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya fedha ya parokia, mdogo kuliko wote pale mezani, na kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari na kusoma barua. Kikao cha dharura kikaitwa jioni, baada ya Misa.

Kabla ya kusimulia kikao, lazima nieleze fedha zile zilivyopatikana, maana ndizo zilizofanya maneno yawe mazito. Kigango kile kilikuwa na kuta bila paa. Waamini walisali ndani ya kuta hizo wakiangalia mawingu, na mvua ikianza padre alikatisha mahubiri na kuharakisha kwenda kwenye Sala ya Ekaristi. Kwa zaidi ya mwaka mzima jumuiya zote za parokia zilikuwa zikichanga, si za kigango peke yake. Tuliwagawia watu bahasha zenye mistari mitatu: jina, jumuiya, na "kwa ajili ya". Watu wengi waliacha mstari wa kwanza wazi. Ule wa tatu karibu kila mtu aliujaza, kwa kalamu ya wino, kwa penseli, wengine kwa maandishi ya mtoto aliyeandikia bibi yake.

Kulikuwa na wajumbe waliotaka majina na viwango visomwe kanisani kila Dominika, kwa hoja kwamba mtu akisikia jirani yake katajwa naye atainuka. Hoja hiyo ina ukweli, fedha huja haraka kwa njia hiyo. Lakini nimewaona watu wanaokaa nyumbani siku ya changizo kwa sababu wanakionea haya walicho nacho, na hao nao ni Kanisa. Mweka hazina wetu, mama mmoja mwalimu mstaafu, alikataa katakata. Alisema katika Injili ya Marko Yesu alikaa kuelekea sanduku la hazina akatazama, na aliyemsifu ni mjane wa senti mbili, ambaye mpaka leo hatumjui jina. Basi tukawa tunatangaza jumla tu, na kila aliyetoa akapewa risiti yake. Asiye na jina risiti yake ilibaki kwenye kitabu.

Turudi kwenye kikao. Mwenyekiti alifungua kwa "Tumsifu Yesu Kristo", tukasali, akaeleza hali ya nyumba. Hakuna aliyebisha kwamba mapadre walikuwa hatarini. Kisha akasema jambo ambalo nadhani wengi tulikwenda pale tukilitarajia: fedha zipo benki, paa limesubiri mwaka mzima na linaweza kusubiri tena kidogo, tuchukue tunachohitaji tuimarishe nyumba. Mfuko ni mmoja, alisema, na wote ni wa Kanisa. Mjumbe mwingine akaongeza kwamba kuna sadaka ya Dominika ya Kimisionari, iliyokusanywa siku chache tu nyuma na ilikuwa haijapelekwa jimboni. Hiyo nayo ingesaidia.

Hapo paroko aliingilia mara moja. Alisema sadaka ya Dominika ya Kimisionari haijawahi kuwa yetu. Papa Pius XI aliiweka siku hiyo mwaka 1926 ili Wakatoliki wa dunia nzima, matajiri kwa maskini, watoe siku moja kwa ajili ya misioni. Sadaka yote huenda kwenye mfuko mmoja wa Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari, kisha hugawiwa makanisa machanga yanayohitaji. Parokia ni mkondo tu wa kuipitisha. "Tukiila sisi," alisema, "tumemnyang'anya mtu ambaye hatutamwona kamwe." Mjumbe yule aliomba radhi, na jambo hilo likaisha.

Lakini la paa halikuisha. Paroko mwenyewe alikuwa njia panda, nami nilimwona. Nyumba ilikuwa yake na ya msaidizi wake. Akisema hapana, anaonekana anajidharau na kumweka kijana wa watu hatarini. Akisema ndiyo, ni kama anajitengea mwenyewe. Akanyamaza, akamtazama mweka hazina.

Mama alikuwa amekuja na kikapu. Nilidhani ana madaftari. Akatoa furushi la bahasha zilizofungwa kwa mpira, tupu, zote zilizopokelewa tangu siku ya kwanza. Sikujua kwamba alikuwa anazihifadhi. Zilipohesabiwa sadaka, daima na watu wawili au zaidi, yeye alikusanya bahasha badala ya kuzitupa. Akavaa miwani akaanza kusoma mstari wa tatu, bila kusoma majina, moja baada ya nyingine. Kwa ajili ya paa. Kwa ajili ya paa la kigango. Kwa bati moja. Kwa ajili ya paa, mama yangu anasali pale. Kwa misumari. Kwa ajili ya paa, namshukuru Mungu mwanangu amepona. Alisoma kwa muda mrefu kiasi kwamba mjumbe mmoja akamwomba asitishe, naye akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, hawa hawapo hapa. Waache waseme."

Katika muhtasari niliandika, "Mweka hazina alisoma nia za watoaji." Sentensi hiyo ni sahihi lakini haina kitu. Haisemi jinsi chumba kilivyobadilika, wala kwamba mwenyekiti, ambaye nilimheshimu na ninamheshimu bado, aliweka kalamu mezani na hakuishika tena mpaka mwisho.

Kisha Mama akauliza, "Baba, Kanisa lina sheria juu ya jambo hili?" Paroko akatoka akarudi na Mkusanyo wa Sheria za Kanisa, ule uliotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983. Akatafuta kanuni ya 1267. Fungu lake la 3 ni fupi: sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu. Akafungua pia kanuni ya 1287, inayowataka wasimamizi wa mali ya Kanisa wawape waamini hesabu ya vile walivyovitoa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba yule bibi wa penseli ana haki kisheria, na kwamba haki hiyo haikui wala kupungua kwa ukubwa wa alichotia ndani ya bahasha.

Mtu mmoja akauliza swali la maana: je, mtoaji mwenyewe akikubali kubadili? Paroko akasema hiyo ndiyo njia ya haki, kwenda kwa watoaji na kuwauliza, na asiyetaka asisumbuliwe. Tukaona mwanga. Mama akainua bahasha nyingine, akaigeuza tuone mstari wa jina ukiwa mweupe. "Na huyu," akasema, "tutamuulizia wapi?"

Zile zisizo na majina zilikuwa nyingi kuliko zenye majina. Tulizitenganisha pale pale mezani, mafungu mawili. Kwa kuwa kila bahasha iliandikwa kiasi kwa nyuma ilipohesabiwa, tuliweza kujua kila fungu lilibeba nini. Usiku ulikuwa umeingia. Tulikubaliana hivi: wenye majina waulizwe katika jumuiya zao, na watakaokubali fedha yao ichukuliwe kama mkopo wa kurudishwa kwenye paa. Fedha ya wasio na majina isiguswe hata kwa mkopo. Na kwa ajili ya nyumba, paroko atangaze sadaka ya pili, itajwe wazi kuwa ni ya nyumba, ili atakayetoa ajue anatolea nini.

Tulipotoka paroko alitaja Mtume Paulo. Nimekwenda kusoma mara nyingi tangu siku ile, na nadhani sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho ingefaa zisomwe mbele ya kila kamati ya fedha. Paulo anakusanya mchango kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu. Ni mtume, angeweza kuubeba mwenyewe na hakuna ambaye angethubutu kumuuliza. Lakini anamtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, na anaeleza sababu bila kuona haya: hataki mtu apate la kuwalaumu juu ya mchango huo mkubwa, anatafuta kilicho chema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Mimi hilo la "mbele ya watu" linanigusa sana. Kuna watu wema wanaodhani kuulizwa hesabu ni kushukiwa. Paulo hakulisubiri swali, alitangulia kulijibu.

Miaka kadhaa baadaye nikasoma habari za Pauline Jaricot, binti wa Lyon, Ufaransa, aliyetangazwa mwenyeheri Mei 22, 2022. Ndiye aliyeanzisha mchango wa senti moja kila wiki kati ya wafanyakazi wa viwanda vya hariri: watu kumi, na mmoja wao akiwa mkusanyaji. Kutokana na hiyo likazaliwa Shirika la Uenezaji wa Imani, la kusaidia misioni, mwaka 1822. Hayo husimuliwa kila Oktoba. Kisichosimuliwa sana ni kwamba baadaye alijaribu kuanzisha kiwanda cha chuma ambacho wafanyakazi wangeishi na kufanya kazi kwa heshima, watu aliowaamini wakafuja fedha, na yeye akatumia miaka yake iliyobaki kuwalipa waliomkopesha, hata alipokufa mwaka 1862 alikuwa fukara. Hakusema fedha ilipotelea katika jambo jema. Niliposoma hayo nilimkumbuka Mama na furushi lake.

Dominika iliyofuata kikao kile nilikwenda kigangoni pamoja na paroko. Baada ya Komunyo aliwaeleza watu yote, na ufa, na kikao, na bahasha. Alisema paa lao halijachukuliwa na halitachukuliwa bila wao. Katekista, mtu wa maneno machache, akasimama akasema jumuiya yake inakubali kukopesha, ila alitaka aandikiwe tarehe ya kurudisha. Watu wengine walisikia vibaya, wakaona anamdai padre altareni. Paroko aliniambia niandike tarehe. Niliiandika hapo hapo, mbele ya wote, nikaisoma kwa sauti. Mama mmoja kijana alikataa. Alisema mumewe alitoa kwa ajili ya paa kabla ya kufa, naye hawezi kusema kwa niaba yake. Hakuna aliyemwomba mara ya pili.

Kwa siku zile paroko msaidizi alilala ofisini, kati ya kabati la vitabu vya ubatizo na meza. Sadaka ya pili ya nyumba ilitolewa vizuri kuliko nilivyotegemea, ingawa si kwa wingi wa ajabu. Pamoja na mkopo wa jumuiya, fundi alibomoa upande ule akaujenga upya kabla ya Kwaresima. Mkopo ulirudishwa kwa kuchelewa kidogo kupita tarehe ya katekista, na paroko alikwenda mwenyewe kuwaomba siku za nyongeza. Paa liliezekwa baada ya Pasaka.

Kisha likaja jambo ambalo hatukulitegemea: fedha ya paa ilibaki. Si nyingi, lakini ilibaki, na paa lilikuwa limekwisha. Vijana kigangoni walitaka mabenchi, na kila mtu aliona ni sawa. Mama akauliza tena swali lake. Katika kilichobaki imo fedha ya wasio na majina, nao waliandika paa, hawakuandika mabenchi. Wapo waliochoka. Nakumbuka mjumbe akisema, "Mwalimu, sasa ni benchi chini ya paa hilo hilo." Mama akasema anajua, na anakubali mabenchi ni jambo jema, lakini kibali si chake kutoa. Paroko akamwandikia askofu, akieleza mchango ulivyokuwa, kilichobaki, na watoaji wasioweza kuulizwa. Jibu lilikuja kwa barua ya aya mbili. Askofu aliruhusu mabaki yatumike kwa mabenchi ya kigango kile kile, akaagiza waamini watangaziwe na hesabu ibandikwe. Nilisoma barua ile Dominika mbili mfululizo, nikabandika nakala yake kwenye mlango wa kigango pamoja na hesabu ya paa, safu kwa safu, mpaka misumari.