Fidla Yenye Kichwa cha Simba
Leo mchana nimeichukua fidla yangu kwa fundi hapa Markneukirchen, mji wa Ujerumani ambao mafundi wake wa fidla waliunda chama chao mwaka 1677.

Mahali ambapo fidla nyingi huishia kwa mchongo uliojikunja kama konokono, hii ina kichwa cha simba aliyeachama, na manyoya yake yamechongwa kwa subira ya ajabu.

Fundi ameunga nyufa za ubao wa juu kwa gundi ya ngozi, ambayo hulainika kwa joto na unyevu, hivyo fundi mwingine ataweza kuufungua bila kuuharibu.

Jino moja la simba limevunjika. Nilimwomba aliache hivyo, kwa sababu nayathamini maisha ambayo fidla hii imeishi kabla yangu.

Ndugu zangu, ninyi mngemrudishia simba jino lake?