Nilivyopanga na Kurekodi Muziki wa Gemu kwa Ala Tano za Kupuliza

Mashine ya gemu ya Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983, ilikuwa na chipu ya sauti yenye chaneli tano tu: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya kelele, na moja ya kuchezesha vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Mtunzi aliyeiandikia muziki alikuwa na sauti tatu za kuimba na moja ya kupiga mdundo, na hapo ndipo alipotakiwa kumaliza kila alichokuwa nacho moyoni. Kwa mtu aliyejifunza muziki katika kwaya za kanisa hapa Dar es Salaam, ambako kila wimbo hugawanywa kwa sauti nne, uandishi wa namna hiyo hauna ugeni. Kwa hiyo nilipoamua kupanga muziki wa gemu za zamani kwa ajili ya kikundi chetu kidogo, idadi ya sauti haikunisumbua. Kilichonisumbua ni pumzi, kwa sababu chipu haipumui.

Kikundi chetu kina filimbi moja, klarineti mbili, saksofoni alto na saksofoni baritoni. Saksofoni, ingawa mwili wake ni wa shaba, huhesabiwa pamoja na ala za mbao kwa kuwa sauti yake huzaliwa kwenye ridi, kile kibao chembamba kinachotetemeka mdomoni, sawa na klarineti. Ningependa kuwa na basuni, ala ya mbao yenye sauti nzito, lakini katika jiji hili ni rahisi zaidi kuwapata wapiga tarumbeta kumi kuliko mpiga basuni mmoja. Klarineti ya kwanza hupigwa na mstaafu wa bendi ya polisi ambaye sote tunamwita Afande, mimi nikiwa kwenye klarineti ya pili, na waliobaki wametoka kwenye bendi za hoteli na za makanisa. Baadhi yao husoma nota za mistari mitano bila shida, na wengine wamekulia kwenye do-re-mi, jambo ambalo lilinilazimu kuandika sehemu zao kwa namna zote mbili.

Niliwapelekea nyimbo mbili. Ya kwanza ni Korobeiniki, wimbo wa watu wa Urusi wenye maneno yaliyotokana na shairi la Nikolai Nekrasov la mwaka 1861, ambao dunia nzima iliufahamu baada ya kutumika katika gemu ya Tetris kwenye Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, mwaka 1989. Ya pili ni walzi (wimbo wa mapigo matatu matatu) ya chini ya maji kutoka Super Mario Bros. ya mwaka 1985, kazi ya mtunzi Koji Kondo. Tofauti kati ya nyimbo hizi kisheria ni kubwa. Mahadhi ya Korobeiniki hayana mwenyewe tena, lakini mpangilio uliomo ndani ya Game Boy unaye, na ndiyo sababu nilichukua mahadhi peke yake na kuandika sauti za ndani na besi upya kabisa. Walzi ya Kondo bado inalindwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huhesabu upangaji upya wa muziki wa mtu kuwa jambo linalohitaji ruhusa yake. Hiyo tuliichukua kama zoezi la ndani, na rekodi yake haijatoka.

Kazi ya kusikiliza ilirahisishwa na programu zinazocheza mafaili ya muziki wa chipu, kwani huruhusu kunyamazisha chaneli moja baada ya nyingine mpaka ibaki ile unayoitaka. Huko ndiko nilikoona jinsi klarineti ilivyo jirani wa karibu wa chipu. Wimbi la mraba lenye pande mbili zilizo sawa huwa na harmoniki (sauti ndogo zinazolia juu ya noti yenyewe) za namba witiri peke yake, na klarineti katika sauti zake za chini, kwa sababu bomba lake ni la mviringo ulionyooka na limefungwa upande wa mdomo, nayo huzitoa zaidi hizohizo. Chipu inapobana wimbi hilo hadi upande wake mmoja uchukue asilimia 12.5 tu ya kila mzunguko, sauti huwa nyembamba ya puani, inayokaribia zumari kuliko ala yoyote tuliyokuwa nayo. Hiyo nilimpa alto. Wimbi la pembetatu, ambalo kwenye mashine hubeba besi, lina ulaini wa filimbi. Yaani besi ya gemu hizi ni kama filimbi iliyoteremshwa shimoni! Nisingeweza kumpa filimbi besi, na sikuona haja ya kujaribu. Baritoni ina nguvu ambayo pembetatu haikuwahi kuwa nayo, tena inaweza kupandisha na kushusha sauti, ilhali chaneli ile haikuwa na namna ya kurekebisha ukubwa wa sauti yake.

Ufunguo nao ulihitaji kufikiriwa. Korobeiniki katika Game Boy iko kwenye La ndogo (A minor). Kwa klarineti ya Si bemoli, ambayo Do yake iliyoandikwa husikika kama Si bemoli, hiyo inamaanisha kuandikiwa dayezi (alama za kupandisha noti nusu hatua) mbili, na kwa saksofoni za Mi bemoli dayezi tatu, jambo ambalo si kosa ila linachosha vidole katika wimbo unaokimbia. Niliteremsha wimbo mzima hadi Sol ndogo: klarineti zikaandikiwa La ndogo isiyo na alama yoyote, saksofoni zikabaki na dayezi moja, na filimbi ikabeba bemoli (alama za kushusha) zake mbili bila kulalamika. Hata hivyo, mahadhi yakipigwa mahali pake pa asili yangeilazimisha klarineti kuvukavuka ule mpaka ulio kati ya La na Si, ambapo vidole vingi hutakiwa kufunga matundu kwa wakati mmoja na sauti hubadilika rangi ghafla. Nilimshusha Afande oktava nzima, yaani kama kutoka Do hadi Do ya chini yake. Huko chini mpaka ule haupo njiani, na mlio wenyewe ni ule mzito, wenye uwazi ndani, ambao humfanya msikilizaji aikumbuke chipu bila kuambiwa.

Baada ya hapo ndipo tulipoingia kwenye pumzi. Besi niliyoandika ilifuata mtindo wa gemu za wakati ule, yaani kuruka oktava chini na juu, nusu pigo kwa nusu pigo, bila kituo tangu mwanzo hadi mwisho. Afande alipoiona karatasi ya dada anayepiga baritoni, kabla hata hatujapiga noti moja, aliuliza, “Kijana, huyu dada atavuta pumzi wapi?” Niligawa besi kwa watu wawili: baritoni ikachukua noti za chini zinazoangukia kwenye pigo, nami kwa klarineti ya pili nikachukua zile za juu zinazoanguka katikati. Kwa mwendo wetu wa takriban mapigo 132 kwa dakika, nafasi anayoipata kila mmoja ni chini ya robo ya sekunde, ambayo haitoshi mtu kujaza mapafu. Kwa hiyo tulikubaliana kudondosha noti moja mwishoni mwa kila vipimo vinne, kwa zamu, kama wanakwaya wanavyopumua kwa kupokezana ili sauti isikatike. Afande ndiye aliyezitia alama zote kwa penseli nyekundu, na niseme wazi kwamba alama hizo zimechangia mpangilio huu zaidi ya sauti za ndani nilizohangaika nazo usiku. Wimbo uliopata mianya hiyo ulianza kucheza, wakati kabla ya hapo ulikuwa ukienda tu.

Kwa kelele ya mdundo nilitaka kayamba. Mlio wake unafanana sana na chaneli ya kelele, na mazoezini ulipendeza, ila ulimeza pumzi ya filimbi kwa sababu vyote viwili vinaishi kwenye masafa ya juu. Niliiondoa kwa masikitiko, nikamwomba mpiga alto agonge ridi kwa ulimi, akipata mlio mkavu usio na noti. Jambo lingine nililoliacha ni mwangwi. Watunzi wa chipu hupenda kuifanya chaneli ya pili irudie mahadhi kwa sauti ndogo, ikichelewa kidogo. Watu wawili wenye klarineti wakifanya hivyo, msikilizaji hudhani mmoja wao amechelewa kuingia.

Kwenye walzi tulibishana juu ya mwendo. Mpiga filimbi alishikilia kwamba rekodi zilizopo kwenye intaneti zinakimbia mno kuliko alivyoisikia utotoni, na alikuwa na hoja. Programu za muziki katika gemu hizo husogea hatua moja kwa kila picha inayochorwa kwenye kioo. Japani na Marekani picha ni 60 kwa sekunde, lakini mashine za kuiga Famicom zilizotengenezwa kwa televisheni za mfumo wa PAL, kama zilizokuwa majumbani mwetu, huchora 50. Muziki hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, huku kimo cha noti katika nyingi ya mashine hizo kikibaki karibu palepale. Tukachukua mwendo wa Dar es Salaam, ambao kwa bahati nzuri huacha nafasi ya kupumua.

Studio nyingi za jiji hili zimejengwa kwa mwimbaji mmoja mbele ya maikrofoni moja, katika chumba kidogo kilichozibwa hadi hakina mwangwi wowote. Ala tano za kupuliza hukosa hewa mle, kwa maana zote mbili. Tulitumia ukumbi wa shule moja maeneo ya Upanga, wenye dari refu na sakafu ya saruji, alfajiri kabla ya bodaboda na kunguru kushika zamu. Feni zilizimwa, kwa kuwa mapanga yake huifanya sauti itetemeke hata kelele yake isiposikika. Maikrofoni mbili zilisimama juu ya nusu duara letu, zikielekea kwenye vidole na si kwenye midomo ya chini ya ala, kwani sauti ya klarineti na saksofoni hutoka zaidi kwenye matundu yaliyo wazi. Kompyuta ilitumia betri, hivyo kukatika kwa umeme hakukutupotezea chochote.

Joto ndilo lililotuamrisha. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, kasi ya sauti hupanda kutoka takriban mita 343 hadi 349 kwa sekunde, na ala zote za kupuliza hupanda nayo, japo si kwa kiwango kimoja, kwa sababu hewa iliyo ndani ya bomba imekwisha kupashwa na pumzi ya mpigaji. Tulipimana sauti kabla ya kila jaribio, na nilipokuwa nahariri sikuunganisha kipande cha alfajiri na cha saa nne asubuhi, maana kiungo kingesikika papo hapo. Ndani ya jaribio moja nilikata pale tu mtu anapovuta pumzi, na pumzi zenyewe sikuzifuta, ijapokuwa rafiki yangu anayetengeneza bongo fleva alinishauri nizifute zote.

Muziki wa gemu hauna mwisho. Huzunguka hadi mchezaji ashinde au afe. Korobeiniki yetu inazunguka mara tatu, mahadhi yakianza kwa klarineti, kisha alto, kisha filimbi ikiwa na klarineti oktava mbili chini yake, halafu baritoni inaacha kuruka na kushika Sol moja ndefu kadiri mpigaji anavyoweza. Rekodi hiyo tumeitoa. Nota zake nimezipiga chapa katika programu ya MuseScore, na ziko pia kwa do-re-mi. Sehemu ya baritoni nimeiandikia toleo la pili kwa saksofoni teno, kwa sababu bendi nyingi za makanisa ninazozifahamu zina teno na hazina baritoni.