Kivumbasi cha Porini Kilivyokuwa Zao Shambani Mwangu

Huku Muheza, kwenye miteremko ya chini ya Usambara Mashariki, mkulima akitajiwa mazao ya harufu hufikiria karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga. Kivumbasi hakihesabiwi, kwa kuwa huota chenyewe pembezoni mwa njia, na wengi hukikata kwa ajili ya kufukiza jioni mbu waondoke. Mimi nilikipanda kwa ajili ya mafuta yake, na ninachoweza kuwaeleza wenzangu kwa uhakika ni kwamba jambo kubwa kuliko yote ni kuchagua mmea mama.

Vivumbasi viwili vinaweza kuota kwenye ukingo mmoja wa njia, vikafanana majani na maua, lakini kimoja kikanukia karafuu na kingine kikatoa harufu kali ya thaimoli, inayotumika katika dawa za kusukutua mdomo. Tofauti hiyo imo katika asili ya mmea wenyewe, ingawa udongo na jua huongeza au hupunguza kiasi cha mafuta. Mnunuzi niliyepatana naye alitaka yujenoli, ambayo ndiyo kiini cha harufu ya karafuu. Kwa hiyo nilipita porini nikifikicha majani ya kila kichaka na kuyanusa, nikavifunga kamba vile tu vilivyonukia karafuu tupu. Mbegu sikuchukua. Nyuki hupenda mno maua ya kivumbasi na huhamisha chavua kutoka kichaka kimoja hadi kingine, hivyo miche ya mbegu hutofautiana harufu, ilhali kipandikizi cha tawi hufuata mmea mama bila kubadilika. Nilichomeka matawi machanga kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, nikayahamishia shambani masika yalipoanza.

Palizi na samadi ni zile anazozijua kila mkulima. Mavuno ndiyo yanayotaka uangalifu: nilikata wakati wa kuchanua, asubuhi umande ulipokwisha kukauka, nikaacha shina la shibiri moja au zaidi ili lichipue tena, na majani nikayatandaza kivulini, kwani jua kali hupeperusha mafuta.

Katika kukeneka, yaani kutoa mafuta kwa mvuke, majani hukaa juu ya wavu ndani ya pipa na maji hubaki chini yake, ili mvuke upenye bila majani kuchemka. Mvuke huo hupita katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, ukarudi kuwa maji na mafuta. Kilo 100 za majani mabichi kwa kawaida hazifikishi kilo 1 ya mafuta, na mafuta yenye yujenoli nyingi, kwa kuwa uzito wake unakaribiana na wa maji, hujitenga polepole. Asiye na subira huyamwaga pamoja na maji. Nayahifadhi katika chupa za kioo cheusi zilizojaa hadi shingoni, mbali na joto, kwa sababu hewa na mwanga huyaharibu, na plastiki nyingi haziyahimili.